Ukuta Wenye Mbavu

Mama mkwe alipozidiwa na magoti, mke wangu alisema hawezi kumwacha peke yake nyumbani kwake mtaa wa Shika Adabu. Nyumba yetu ya Magongo, huku Changamwe, ilikuwa na vyumba viwili tu. Kazi yangu ni kuchomea vyuma, basi nikamjengea chumba uani. Nilisimamisha nguzo za chuma, nje nikapiga mabati, ndani bodi nyeupe za jipsamu, na katikati nikashindilia pamba ya kuzuia joto mpaka pasibaki hata upenyo wa kidole. Mimi ni mtu wa bara, na mama huyu alinipa binti yake wakati jamaa zake hawanitaki. Nilitaka apate pahali pa raha.

Alihamia na mkeka wake, tasbihi na birika la kahawa. Kila nikimwuliza, "Shikamoo mama, chumba chakufaa?" hunijibu, "Marahaba mwanangu, alhamdulillahi." Lakini mchana nilikuwa nikimkuta ameketi katikati ya chumba, mgongo hauna pa kuegemea. Mwenye magoti yale haketi hivyo kwa kupenda.

Siku moja nikamwomba aniambie kweli. Alisita, akijua mkwe hamkosoi mkwe.

"Ukuta huu una mbavu," akasema mwishowe. "Weka mkono hapa. Haya, sasa weka hapa."

Pa kwanza palikuwa na uvuguvugu. Pa pili, shibiri mbili pembeni, palikuwa pa moto kama kikombe cha chai. Hapo ndipo nilipoona vidoa vyeusi ukutani. Alikuwa amezitia alama zile mbavu kwa wanja wake, ili aegemee baina yao.

"Naegemea vizuri," akasema, "ila nikisinzia nateleza, naamshwa na moto. Ndiyo nikahamia katikati."

Aibu ilinishika. Nguzo zangu ziligusa bati nje na bodi ndani. Joto halikuwa na haja ya kuhangaika na pamba, lilipita kwenye chuma moja kwa moja. Nami kila siku nachomea chuma upande mmoja kikanichoma mkono upande wa pili.

"Nitaifungua hii bodi, mama."

"Wacha, mwanangu. Nitazoea."

"Sitaki uzoee."

Jumamosi nikafungua. Yeye aliketi kivulini, akapokea skrubu nilizozitoa na kuzipanga kwenye kisahani, kubwa kando, ndogo kando. Nilipiga vipande vya mbao kukingama nguzo zote, nikaweka pamba nyembamba baina ya mbao hizo, kisha bodi nikaifunga kwenye mbao ili isiguse chuma popote. Chumba kikapungua upana, kitanda kikakataa kuingia pembeni kwake, na mke wangu akanicheka mpaka tulipokigeuza.

Kesho yake adhuhuri nilikwenda kupapasa ukuta. Joto la Changamwe lilikuwamo chumbani, siwezi kusema uongo, lakini ukuta ulikuwa sawa kotekote, hauna mbavu. Sikuupapasa kwa muda mrefu. Mama mkwe alikuwa ameuegemea, miguu ameinyoosha, kanga imemteleza begani, amelala fofofo.

Siku hizi wageni wakija huwaambia chumba hiki mwanawe alimjengea mara mbili. Hawaelezi kwa nini.