Mbuzi na Kondoo Mfukoni mwa Koti

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya sarafu za fedha zenye picha za wanyama. Fedha ninayoisema ni madini yenyewe, aunsi moja kwa kila sarafu. Zimo ndani ya kisanduku cha mbao katika kabati la chumba changu, huku mtaani Satellite, kila moja na kasha lake dogo la plastiki: ndovu, simba, bundi, kangaruu, panda anayetafuna mianzi. Nilianza kwa nia ya kujiwekea akiba ya uzeeni. Niliendelea kwa sababu nisizoweza kujivunia. Nikivaa glavu za pamba na kumgeuza simba kwenye mwanga wa dirisha, hujiona mtu wa daraja jingine, aliyeuacha udongo wa Dagoretti mbali nyuma yake, ingawa Dagoretti ni mwendo mfupi tu kutoka mlangoni pangu.

Huuziwa na sonara mmoja mzee katikati ya jiji, Mhindi aliyeachiwa duka la ghorofani na babake. Yeye hupima kila sarafu mbele yangu na hasemi mengi. Wanaosema mengi ni wenzangu wa Kitisuru, mtaa wa matajiri, wakusanyaji watano au sita, ambao hukutana Jumapili moja moja kwenye veranda ya mmoja wao. Huko ndiko nilikotoa nadharia yangu kwa mara ya kwanza: kwamba mbuzi wa mahari alikuwa benki ya babu zetu, na kwamba fedha ni mbuzi asiyekufa. Nina shahada ya uchumi. Najua kuipamba hoja. Walinipigia makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyoniponza.

Mdogo wangu ana miaka thelathini na miwili. Baba yetu alifariki yeye akiwa bado shule ya msingi, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba. Alipopata mchumba, binti wa mfanyabiashara wa mifugo wa Dagoretti, jukumu la kuuongoza ujumbe wa kwanza likawa langu. Kwa desturi yetu sisi Wakikuyu, safari hiyo hupelekwa wanyama wawili, mwati na harika: kondoo jike na mbuzi jike, wote wachanga, ambao hawajazaa. Bila wao, mazungumzo ya ndoa hayaanzi. Siku hizi wengi hupeleka pesa badala yao. Lakini baba wa binti alituma neno kwamba yeye angependa kuwaona wanyama wenyewe.

"Bro, huyo mzee ameuza mbuzi maisha yake yote," mdogo wangu alinionya. "Usituletee kitu ya kuchechemea."

"Niachie mimi."

Siku moja kabla ya safari akanipigia simu. "Umewapata?"

"Nimewapata."

"Na mbona siwasikii?"

"Ni wapole sana," nikamjibu, na nilipokata simu nikacheka peke yangu.

Ulikuwa uongo, na niliufurahia. Wachina wana mwaka wao wanaouita wa mbuzi, na viwanda vya sarafu huuadhimisha, vingine kwa picha ya mbuzi, vingine kwa picha ya kondoo. Mimi nilikuwa na zote mbili. Niliona kana kwamba dunia nzima ilikuwa imejipanga kunithibitishia hoja yangu.

Tulipofika, lango lilikuwa limefungwa kama ilivyo ada, na wanawake waliimba upande wa pili mpaka tukawajibu vya kuwaridhisha. Shangazi ya binti, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alichungulia nyuma ya gari letu.

"Na wageni wetu wa miguu minne wako wapi?"

"Wako ndani ya koti," nikasema.

Walicheka sana. Mdogo wangu alicheka pia, lakini macho yake yalinitafuta.

Sebuleni, baada ya maombi na uji, nilisimama nikaitoa ile hotuba ya Kitisuru yote, sikuacha hata nukta. Kisha nikaziweka sarafu mbili mezani juu ya kitambaa cheusi nilichokuja nacho. Hakuna aliyepiga makofi. Baba wa binti, mzee mwembamba aliyekuwa amevaa suti ambayo bila shaka ilipigwa pasi kwa ajili yetu, alimtoa mbuzi katika kasha lake na kumbonyeza kwa dole gumba, jinsi anavyobonyeza migongo ya mbuzi sokoni.

"Samahani, mzee," nikasema kabla sijajizuia, "tafadhali usimguse usoni. Ataharibika."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kusema. Nilikuwa nyumbani kwa mtu, nimekuja kumwomba mtoto wake, nami nikamkataza kumgusa mnyama niliyedai kumletea.

Hakukasirika. Aliisogeza sarafu mbali kidogo na macho yake, akaitazama kwa makini ya kazi yake.

"Huyu ni beberu," akasema.

"Labda ni jike lenye ndevu," shangazi akadakia. "Hata mimi zimeanza kuniota."

"Ndevu hata jike huwa nazo. Angalia shingo. Angalia pembe zilivyo nene hapa chini." Akamchukua kondoo. "Na huyu, pembe zimejikunja mara mbili. Dume pia." Akaziweka mezani taratibu. "Msomi, umetuletea madume mawili. Watatuzalia nini?"

Watu walicheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe. Nilijua nchi ambayo kila sarafu ilitoka, nilijua usafi wa fedha yake, lakini kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza mbuzi wangu ni wa kike au wa kiume. Mdogo wangu alikuwa akiangalia viatu vyake. Alikuwa amevinunua kwa ajili ya siku hiyo.

"Leteni chai," mzee akasema. "Leo wageni wetu wamekuja kutusalimia. Siku ile nyingine, watakuja kwa ile shughuli."

Alisema kwa upole, na kila mtu alielewa: siku ile haikuhesabiwa. Binti, ambaye alikuwa akingoja jikoni na wenzake, amevaa nguo aliyoshonewa, hakuitwa.

Wakati wa kuondoka, mzee alinipeleka nyuma ya nyumba kwenye zizi lake. Alimvuta kondoo mmoja mchanga, akaushika mkono wangu bila kuniuliza na kuuweka juu ya mgongo wake, chini kabisa ya manyoya, penye joto.

"Hivi ndivyo anavyojulikana," akasema. "Kwa mkono."

Tulirudi kwangu, mimi na mdogo wangu. Aliposhuka garini alishika mlango, akainama.

"Utakuja tena, bro. Huwezi kukosa. Lakini hutaongea."

Nikasema sawa.

Alikwenda sokoni mwenyewe, akawachagua mwenyewe. Mara ya pili mjomba wetu ndiye aliyesema, nami nilishika kamba langoni, koti langu likinuka kondoo, wale wanyama wakinivuta huku na huku mbele ya wanawake waliokuwa wakiniimba. Mzee aliwapapasa wote wawili, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na binti akaitwa. Nilimwona mdogo wangu akivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, na nikajua ni nani aliyekuwa amemtwika.

Sarafu zilirudi kisandukuni. Alama ya dole gumba imebaki juu ya beberu, imegeuka kahawia. Sonara aliniambia anaweza kuiondoa. Nilimwambia aiache.

Mwezi uliopita mzee alinipigia simu kutoka Dagoretti.

"Msomi, yule mwati amezaa. Jike."

"Hongera, baba."

Nyuma yake nilimsikia kondoo akilia.

"Na wale wako wa koti? Bado?"

"Bado, baba," nikasema.