Breki Humwaga Mchuzi

Kwa miaka kumi na tisa Bi Thoa alikwenda sokoni kwa maji. Alfajiri alipakia mashuani sufuria la mchuzi, kapu la tambi za mchele na viti vyake vifupi, akavuta kamba ya injini, na nusu saa baadaye yuko gatini. Alikaa pale penye ngazi, na katika soko zima la Rach Gua hapakuwa na mahali pazuri kuliko hapo. Kila aliyeshuka chomboni alipokewa na harufu ya mchaichai na samaki wa kuchachusha, na mwenye njaa hakuwa na ubavu wa kupita. Watu hawakusema "tukutane gatini". Walisema "tukutane kwa Thoa".

Basi mwaka ule chumvi ya bahari ikapanda mtoni mapema. Serikali ikafunga lango la mfereji ili mpunga usife, na mashua ya Bi Thoa ikafungiwa upande wa ndani pamoja na mpunga. Mpunga ulinusurika. Aliyekwama ni Bi Thoa.

Soko lile lilikuwa na sheria moja ambayo msimamizi wake, Mzee Bay, aliiheshimu kuliko alivyomheshimu mkewe: mahali pakikaa patupu siku kumi na tano, kengele ya asubuhi ya siku ya kumi na tano ikipigwa, anapewa aliyeomba. Na kwenda kukaa pale mikono mitupu hakusaidii. "Mahali hushikwa na bidhaa," alikuwa akisema, "hapashikwi na makalio." Aliyeomba tayari alikuwepo. Ni Bi Lai, mkaanga vitumbua vya choroko, kila kimoja na kamba wake juu, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa nyuma kabisa, jirani na wapasua samaki, akikaanga huku akifukuza nzi. Habari zikamfikia Bi Thoa kwamba Lai ameshaonekana pale penye ngazi akipima kwa uzi karai lake litaenea vipi.

"Anapima kaburi langu," alisema Bi Thoa, na hakuwa anatania. Bila mahali pale angekuwa nani? Mwanamke mwenye sufuria. Wanawake wenye sufuria wako kila nyumba.

Siku tano za kwanza alizimaliza akilaani lango na kubembeleza waendesha pikipiki wa kukodi. Hakuna aliyekubali kubeba lita thelathini za mchuzi wa moto nyuma ya kiuno chake. Mumewe, Luc, alikuwa Saigoni akijenga maghorofa ya watu. Wifi yake Huong, dada wa huyo Luc, angeweza kumpakia, ila saa hizo za alfajiri Huong yuko kiwandani anamenya kamba. Ilibaki pikipiki kuukuu ya Luc, yenye injini ndogo isiyodai leseni, ambayo kuku walikuwa wanataga kwenye kiti chake.

"Jifunze wewe mwenyewe," alisema Huong.

"Mimi? Na miaka yangu arobaini na minane?"

"Kwani pikipiki itakuuliza kitambulisho?"

"Wifi, mimi hata kupakiwa naogopa. Unanijua."

"Nakujua. Siku ile nilipokupeleka kwa daktari wa meno ulinikatia vifungo vitatu vya shati. Sasa utakaa mbele, hakuna wa kumkatia vifungo."

Jioni hiyohiyo wakaenda uwanja wa kinu wa kuanikia mpunga, sakafu pana ya saruji ambayo msimu ule ilikuwa haina kitu. Bi Thoa alitoka nyumbani amevaa helmeti, akatembea nayo kijiji kizima akisukuma pikipiki, na waliomsalimia aliwaitikia kwa sauti ya mgonjwa. Huong, aliyezoea kuendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mwavuli, akamwonyesha gia, akamwonyesha mafuta, akamwonyesha breki. Bi Thoa akaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hakusikia hata neno moja.

Akapiga kiki, ikawaka. Akazungusha mkono wa mafuta kidogo, ikaenda. Mpaka hapo, sifa zote kwake.

"Haya, kata kushoto!" alipiga kelele Huong. "Kushoto, wifi! Hiyo ni kulia! Kushoto!"

Bi Thoa alikuwa anakata kushoto kwa moyo wake wote. Tatizo ni kwamba mashua ya injini ya mkia mrefu ukitaka iende kushoto unasukuma mkono wa injini kulia, na mikono yake ilikuwa imefanya hivyo tangu hajaolewa. Kadiri Huong alivyopayuka kushoto, ndivyo mikono ilivyosukuma kulia kwa bidii zaidi. Kulia kulikuwa na lundo la majani ya mpunga. Aliingia humo na helmeti yake, na pikipiki ikazimika yenyewe kwa aibu.

Mazoea yana taabu. Siku ya tatu ya mafunzo mikono ilianza kuelewa, lakini likaja la pili, kubwa kuliko la kwanza: kusimama. Mashua haina breki. Unapunguza mafuta, unaiacha iteleze, na ukikaribia unanyoosha mkono ushike nguzo, ukiwa na mzigo mzito unaita, "Nishikieni pua!" na yeyote aliye gatini anaidaka pua ya mashua, awe anakujua au hakujui. Hivyo ndivyo Bi Thoa alivyosimamisha pikipiki. Alipunguza mafuta, akateleza, akanyoosha mkono na kushika kilicho karibu. Siku ya tatu alishika mgomba. Siku ya nne alishika mti wa kamba ya kuanikia nguo ya mwenye kinu, akaondoka nao, na suruali mbili za mwenye kinu zikamfuata nyuma.

"Breki, wifi! Iko chini ya mguu wako, Mungu wangu! Wewe unaendesha mashua!"

"Ndicho ninachokijua!"

"Basi hamia mtoni!"

"Mtoni wamefunga!"

Wakakaa chini kwenye saruji wakacheka mpaka machozi, halafu Bi Thoa machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Huong akamvua helmeti, akamtoa majani ya mpunga kichwani. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Maneno nayo yalikuwa yanaruka kutoka sokoni. Mwuza mboga mmoja alileta salamu za Bi Lai: "Mwambieni Thoa, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa anataka kukitembeza kwa pikipiki." Bi Thoa alijibu kwa salamu ambazo mwuza mboga, mtu wa heshima, alikataa kuzibeba.

Siku ya kumi na mbili Huong alikuja na sufuria lenyewe. Alilijaza maji ya mfereji hadi shingoni, akalifunga nyuma ya pikipiki kwa mipira, na juu hakuweka kifuniko.

"Unataka kuniua," alisema Bi Thoa.

"Bora umwage maji hapa kuliko mchuzi huko. Panda."

Akapanda. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelitegemea. Bi Thoa aliacha kutazama mikono yake. Masikio yote yalikuwa nyuma, kwenye sufuria. Miaka kumi na tisa alikuwa amelisikiliza sufuria lile likisafiri; alijua sauti ya mchuzi uliotulia na sauti ya mchuzi unaotaka kutoka. Maji yalipogonga ukingo wa kulia, mwili wake ulijibu wenyewe kabla woga haujauliza kuna nini. Alizunguka uwanja mara moja. Akazunguka tena. Akapita katikati ya matofali aliyoyapanga Huong, akarudi, akapita tena, huku uso umemtulia kama anaonja chumvi.

Huong alichungulia sufuria. Maji yalikuwa yamepungua kikombe.

"Wewe mwanamke! Siku zote hizi tungekupakia sufuria tangu mwanzo!"

"Nimeendesha?"

"Umeendesha!"

"Sema tena."

"Umeendesha, wifi. Sasa shika breki usimame, tukale."

Bi Thoa hakushika breki. Alipunguza mafuta taratibu, akazunguka mara mbili zaidi mpaka pikipiki ikachoka, akaweka miguu chini. Kukanyaga breki kulirusha maji: kikombe kile kilimwagika alipoigusa mara moja tu. Na kwa vile sasa alikuwa na hoja, woga wake ukavaa nguo za ujuzi. "Breki humwaga mchuzi," alisema, na kwa siku mbili zilizofuata hakuna mwanadamu aliyemtoa hapo.

Asubuhi ya siku ya kumi na tano alitoka nyumbani mwenyewe. Sufuria nyuma, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa, kapu la tambi mbele, viti viwili vikining'inia pembeni. Njia ya saruji ilikuwa nyembamba, mfereji kulia, mfereji kushoto, na yeye katikati akiongea na mchuzi: "Tulia. Tulia mwanangu. Tunafika." Bata walimpisha. Mtu mwenye nguruwe wawili kwenye pikipiki alimpita, akamwangalia, akampigia honi ya heshima. Bi Thoa alikuwa anaogopa, tena sana, lakini ilikuwa mara ya kwanza katika siku kumi na tano kwamba woga ulikuwa unakwenda mahali.

Daraja la soko lilikuwa jembamba na lenye mgongo mkali, maana mashua hupita chini yake. Alipiga honi kama Huong alivyomfundisha, akapunguza gia, akapanda. Sufuria likasogea nyuma, likatulia. Akafika juu. Soko lote likawa chini yake, na pale penye ngazi alimwona Bi Lai ameshaweka karai lake, na Mzee Bay kando yake ameshika kengele mkononi.

Kupunguza mafuta na kuteleza ni ujuzi mzuri mahali pa tambarare. Kwenye mteremko, pikipiki haina habari na mafuta. Bi Thoa aliyafunga yote, na pikipiki ikazidi mbio. Mguu ulijua breki iko wapi. Ulikataa tu, kwa sababu nyuma kulikuwa na lita thelathini ambazo zikimwagika, mahali hapana bidhaa, na hapo ndipo mwisho wake. Watu wakatawanyika. Mbele yake alibaki mtu mmoja aliyesimama mbele ya karai lake, na kinywa cha Bi Thoa kikafunguka chenyewe.

"Nishikieni puaaa!"

Bi Lai alihitaji kusogea hatua moja tu, pikipiki ipite. Nyuma yake kulikuwa na ngazi, na chini ya ngazi maji. Hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliisubiri, akaruka pembeni, mkono mmoja ukadaka usukani, wa pili ukalikumbatia sufuria lililokuwa linalala, na akachimba visigino chini mpaka kila kitu kikasimama. Kitambaa cha kifuniko kilichomoka. Mchuzi kiasi cha upawa mmoja ukamtiririkia mkononi.

Waliotawanyika wakaanza kurudi.

"Una wazimu?" Bi Lai alihema. "Breki umeiweka ya nini, pambo?"

"Breki humwaga mchuzi," alisema Bi Thoa kwa sauti ndogo.

"Na kuingia mtoni je, huuongeza?"

Watu wakaangua kicheko. Bi Thoa hakucheka. Alikuwa ameuona ule mkono, mwekundu kuanzia kwenye kiwiko. Alishuka, akachota maji baridi ya mtungi wa jirani, akaanza kuumwagia, kata baada ya kata, na Bi Lai akamwacha afanye hivyo huku amekunja uso.

"Kwa nini hukuniacha nianguke?"

"Nilitaka," alisema Bi Lai. "Mikono ndiyo haikunisikiliza. Nimezaliwa mashuani mimi. Mtu akiita pua, inakwenda yenyewe, mipumbavu hii."

Mzee Bay alifungua kifuniko, akachungulia, akanusa, akapiga kengele. "Pana mchuzi. Mahali ni pa Thoa."

Bi Thoa alikuwa ameisubiri sentensi hiyo siku kumi na tano, na ilipofika alijiona mdogo. Siku zote hizo alikuwa amemwombea mwanamke huyu mafuta yamkatikie jikoni, choroko zake zioze. Bi Lai naye aligeukia vitu vyake. Aliinama, akaingiza mkono wake usioungua chini ya karai, akaanza kulinyanyua vibaya vibaya, upande mmoja.

"Unakwenda wapi?"

"Ninakotoka. Kwa matumbo ya samaki."

"Liweke hapohapo."

"Thoa, usinichezee."

"Nakuambia liweke. Miaka kumi na mmoja watu wananunua vitumbua vyako kule nyuma, wanakuja navyo hapa kuvichovya kwenye bakuli langu. Mpaka wafike vimepoa, vimenuka samaki. Vinaniharibia mchuzi."

Bi Lai alimtazama, akazitazama ngazi, akautazama mkono wake uliobabuka.

"Mchuzi wako," alisema, "ndio unaoniharibia vitumbua." Na akaliweka karai chini.