Fundo la Kiroba

Nasema mapema ili tusibishane: mimi nilisimama mbele ya kisu cha jando bila kupepesa jicho, ukoo mzima ukitazama. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha uanaume. Msimamizi wa duara letu, shimo la dhahabu tunalochimba nje kidogo ya Tarime, alijaribu, akakoma.

Siku hiyo nilikuwa kwenye winchi, kazi yangu kushusha watu kwa kamba. Rafiki yangu alikuwa ametoka kumzika mdogo wake huko Turwa, aliyegongwa akiendesha bodaboda. Msibani hakutoa chozi, wazee wakamsifu. Kazini alirudi kimya, chakula anakiangalia tu, ukimwita mara ya kwanza hasikii. Tulisema atazoea. Sisi tunakagua kamba, tunakagua magogo yanayozuia kuta, tunakagua taa. Mtu mwenyewe nani anamkagua?

Alijifunga kamba kiunoni, akaniita kama vijana wa Kikurya tunavyoitana, "Mura, nishushe."

Nikaangalia fundo. Alikuwa amefunga fundo la kiroba. Duarani kuna fundo la mtu, ambalo halilegei hata uning'inie kutwa, na kuna la kiroba cha mawe, ambalo ukivuta ncha linafunguka lenyewe. Hata aliyeanza kazi jana hayachanganyi.

Nilimuuliza kama amesahau. Alilishika lile fundo, akaligeuza.

"Sijui," akasema. "Naapa sijui."

Nikapitisha gogo kwenye mkono wa winchi isizunguke, nikalikalia.

Msimamizi akafoka. Akasema kazi inalala, na kwamba hayo ya mawazo ni magonjwa ya watu wa mjini, Mkurya hana. Akataka fundo lifungwe upya, basi. Nikamwambia ukilifunga upya, kichwa kilichokosea bado kinashuka nalo. Akanifukuza kazi. Nikamwambia aje anitoe mwenyewe. Akawaita wenzangu wanitoe. Wakaliangalia fundo, wakaenda zao kukaa kivulini, hata wale waliotoka mikoa ya mbali ambao hapa hawana ndugu wa kuwatetea. Nilifurahi, sifichi.

Rafiki yangu alilia palepale, mchana kweupe. Hakuna aliyecheka. Tulidai apewe kazi ya juu, kuchambua mawe, na tukawa tunamsindikiza kwa zamu hospitali ya mjini kuongea na mtaalamu. Msimamizi alikubali kwa shingo upande, mimi akanirudisha, maana bila sisi duara ni shimo tu.

Tangu hapo, anayeshika winchi humuuliza kila anayeshuka, "Umelalaje?" Akikwepa kujibu, hashuki.

Mwaka huu nilimzika mama. Sikukaa hata matanga yaishe, nikarudi kazini, nikajifunga fundo la mtu, safi kabisa, nikasema nishushwe. Kwenye winchi alikuwa yeye, rafiki yangu, siku hizi mzima. Akaniuliza nimelalaje. Nikamwambia aache maswali, afanye kazi. Akapitisha gogo, akalikalia. Nilimtukana matusi yote ninayoyajua, kwa Kiswahili na kwa Kikurya. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hushuki, mura," akasema, akasogea kunipa nafasi kwenye gogo.

Nikafungua kamba, nikakaa.