Tangi la Eudora

Eudora Joachim alikuwa na miaka tisa aliposhuhudia mlima wetu ukilipuka kwa mara ya kwanza. Nyumba yao haikuanguka. Kilichoua watu kijijini kwetu Petit Fond mwaka ule ni maji. Upande huu wa kisiwa hatuna mto. Tunakunywa mvua inayoteremka paani, ikapita kwenye mfereji wa bati na bomba hadi tangini. Majivu nayo yalifuata njia hiyo hiyo, na kwa wiki tatu watu walikunywa tope. Mdogo wake, Rufina, aliharisha siku nne akafa.

Tangu hapo Eudora akawa mtu wa tangi. Alipojenga kwake alilitengenezea mfuniko wa zege, na kila asubuhi alilikagua kabla ya kwenda shambani kuchimba viazi. Ardhi ikitikisika kidogo tu, sisi tunakimbilia nje, yeye anakimbilia bomba alichomoe, majivu yasiingie tangini. Mumewe, Ansel, seremala mpole wa maneno machache, alikuwa na mzaha mmoja na hakuuchoka.

"Mke wangu ana waume wawili," angesema, "na mwenzangu ndiye aliyenona."

"Mwenzio hakoromi," Eudora angemjibu.

Nimekuwa jirani yao miaka ishirini na sita, na sijaona ndoa nyingine iliyonitia wivu kama ile.

Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, mlima ulianza tena. Alhamisi asubuhi ikaja amri kijiji kizima kihame. Mimi na Eudora tulipanda lori la pili, tukabanwa kati ya magodoro na kikapu cha mashelisheli ya kuchoma. Ansel alikuwa chini akiwapandisha wazee, kisha akashika ubao apande na yeye. Hapo Eudora akamkamata mkono.

"Ansel, bomba! Sijalichomoa bomba!"

"Dora, achana nalo. Maji tutapata kwingine."

"Kwingine wapi? Tukirudi watoto wa watu watakunywa nini? Nenda mara moja, mpenzi. Lori la mwisho halijaja bado, utapanda hilo. Bomba kwanza, na mdomo wa tangi uuzibe vizuri."

Ansel akanitazama mimi, akingoja nimtetee. Nikatazama pembeni. Akacheka kidogo, akasema mwenzake anamwita, akaenda.

Lori la mwisho halikufika. Mlima ulipasuka kabla ya saa sita mchana na barabara ikafungwa. Ansel alipiga simu: yuko salama, bomba amelichomoa, tangi ameliziba, sasa anatafuta ufagio apande paani. Kila mtu hapa anajua kwamba majivu hufagiliwa yakiwa makavu, maana yakilowa yanakuwa mazito kama zege. Saa nane mvua ikanyesha. Eudora alipiga simu mpaka chaji ikaisha.

Tuliporuhusiwa kurudi, siku ya kumi na saba, nyumba ilikuwa imelala. Ansel alikuwa chini ya bati na mbao alizozikata mwenyewe. Tangi lilikuwa limesimama, mdomo wake umefungwa kwa shati la Ansel.

Kwenye mazishi kila aliyesimama alisema yale yale, kwamba marehemu alikuwa mtu mwema ila mkaidi. Dada yake mkubwa, Clemence, alilia kwa hasira. "Kichwa ngumu wewe! Lori lilikuwa pale, ukarudi kufuata mbao zako!"

Eudora alinyamaza, nami nikanyamaza. Nilijiambia siri si yangu. Ulikuwa woga tu.

Maji ya serikali yalichelewa, na tangi safi kijijini lilikuwa lile moja. Eudora alimchotea kila mtu, yeye mwenyewe akishinda kwa dafu moja tu kwa siku. Siku ya tatu baada ya mazishi Clemence akaja na ndoo.

"Yule mkaidi angekusikiliza wewe, leo tungekuwa naye," alisema.

Eudora akafunga koki. "Alinisikiliza, dada. Alikuwa anapanda lori, mimi nikamrudisha. Nilimwambia bomba kwanza. Angeanza na paa, angekuwa hai."

Nami nilikuwa kwenye foleni, nyuma yake. Ndoo ilikuwa nusu, na nilidhani Clemence atammwagia usoni.

"Nani mwingine alijua?"

"Mimi," nikasema.

"Siku zote hizi mnaniacha namtukana ndugu yangu kaburini." Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu angepaza. "Jumapili mtasimama kanisani, nyote wawili, mseme pale pale tulipomwita mkaidi. Haya, Dora, nijazie ndoo."

Jumapili Eudora alisimama. Alisema yote, na Clemence akasogea kwenye benchi ili wakae pamoja. Kisha Clemence akageuka kunitazama. Nilibaki nimeketi, kitabu cha nyimbo mkononi, hadi ibada ikaisha.

Clemence hajanisemesha mpaka leo, na ana haki. Basi nayasema hapa, nimeshachelewa: nilikuwa kwenye lori lile, na nilisikia kila neno. Ansel Joachim hakuwa mkaidi. Alinitazama mimi kabla ya kuondoka, akingoja mtu mmoja tu amwambie asiende, na mimi nikatazama pembeni.