Siku ya Tano Zizini

Damiano, mchinjaji wa Mlowo, akiwa na kisu mkononi, alimkuta mama mmoja mfugaji wa Iyula zizini kwake, mikono imelowa mafuta ya alizeti mpaka viwikoni, akimchua miguu ng'ombe wake aliyezaa akashindwa kusimama. Siku ya tano hiyo tangu alale chini. Kila mara alimgeuza ubavu, akamwegemeza kwa magunia ya makapi ya kahawa, huku akimsemesha Kinyiha taratibu kama anayembembeleza mgonjwa anywe uji.

“Niuzie leo, mama. Kesho utafukia mzoga.” Mama hakuinua hata uso. “Kisu weka chini, baba. Njoo ushike mkia.” Damiano akakiweka, akashika. Wakanyanyua; ng'ombe akatetemeka, akayumba, akasimama. Damiano alipogeuka kuondoka, mama akajifuta mikono kwenye kitenge, akapaza sauti mpaka nyumba ya tatu ikasikia: “Baba, kisu chako usisahau!”