Filamu Iliyoishia Ardhini

Jirani akiwasha jenereta, ule moshi wa petroli hunirudisha kwenye banda la video kule Rwamgasa.

Hadithi za bibi hazikuwa zikinitisha, maana mwishoni zimwi lilipasuliwa tumbo na wote waliomezwa wakatoka wazima, hata ng'ombe. Lakini mchana mmoja, kwenye filamu pale bandani, ardhi ilimmeza mtu, kisha skrini ikawa nyeusi. Nilibaki kwenye benchi nikimsubiri atoke.

"Imeisha, mwanangu. Nenda nyumbani," mwenye banda aliniambia.

Nilikwenda kwenye duara, lile shimo la dhahabu alilokuwa akichimba baba, nikakaa juu ya kifusi. Alipotoka jioni, vumbi limejaa hadi kwenye kope, nikamwamkia.

"Marahaba. Nani kakutuma huku?"

Nikamdanganya kuwa ni bibi. Kesho yake nilirudi tena pale kwenye kifusi, kumsubiri atoke.