Farasi Aliyeponywa Mbio

Karatasi ililetwa dukani kwangu Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, asubuhi ya Jumanne, ndani ya bahasha ya kaki, na aliyeileta akaniambia niishike kwa mikono iliyokauka. Nina mashine ya fotokopi, kompyuta moja, na kimashine cha kufunika karatasi kwa plastiki. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shule, vyote vimepita mikononi mwangu, na sikuwahi kuambiwa nikaushe mikono. Nikaikausha kwenye kitenge changu huku nikimtazama kwa jicho la pembeni.

Mwenye karatasi, aliyeileta mwenyewe, alikuwa jirani yetu, mfanyabiashara, mwanajeshi mstaafu aliyerudi nchini kutoka Uganda. Mtaa mzima unamwita Afande, nami nitamwita hivyo hivyo, maana katika habari hii nimejikataza kutaja jina la mtu. Hata la farasi silitaji. Ndiyo, farasi: karatasi ilikuwa ya farasi. Ilikuwa nasaba yake, vizazi vitano vilivyopangwa kama matawi, juu upande wa baba, chini upande wa mama. Mimi ukiniuliza babu wa babu yangu ni nani, nakwama. Na hapa palikuwa na mnyama ambaye nyanya wa nyanya yake anajulikana hata zizi alilozaliwa.

"Ni championi," Afande akasema. "Nairobi nzima wanamjua."

Nikasoma wakati mashine inapata joto. Alikuwa jike, rangi ya kahawia, wa mbegu ile ya farasi ambao Wazungu wamewazalisha tangu zamani kwa ajili ya mbio tu, si kubeba mzigo wala kulima. Alianza kushindana Nairobi akiwa bado mdogo. Msimu wa kwanza alifika nyuma kila mara. Wa pili akaanza kushinda. Wa tatu akachukua kombe kubwa la majike, na aliyeandika habari zake chini ya karatasi aliongeza kwamba siku ile mpanda farasi hakuinua fimbo hata mara moja. Kisha mshipa wa mguu wa mbele ukaumia. Akauzwa, akauzwa tena, akapitia Kampala, na sasa alikuwa kwenye malisho ya Afande huko Kanzenze, amenuna, hataki kula.

Baba yangu alikuwa ameketi kwenye kiti chake nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote. Tulirudi kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, wakati mimi ni msichana. Kule baba alikuwa na ng'ombe, na alikuwa na kipaji: yeye ndiye aliyeitwa kwenye harusi kuwasifu ng'ombe wa mahari. Kwetu ng'ombe wa mahari hapokelewi kimya kimya. Lazima mtu asimame na fimbo yake, ataje uzuri wa ng'ombe na mama zake, na watu waitikie. Vita vikaja, ng'ombe wote wakapotea, na baba akaacha kusifu. Hapa Gisenyi walimfuata mara nyingi, akawajibu vilevile: "Mutu hana ngombe, atasifu nini?" Miaka yote hiyo nilimwona ameketi pale, akihesabu pikipiki zinazopita, na iliniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

"Mama yake ni nani?" baba akauliza ghafla.

Afande akageuka. "Baba yake, mzee, aliletwa kutoka Afrika Kusini kwa ndege! Na babu yake..."

"Apana, afande. Mi nauliza mama."

Afande akanitazama, nami nikatazama karatasi. Nikashuka mpaka mstari wa chini kabisa, nikamsomea baba mama watano: mama, mama wa mama, hivyo hivyo mpaka mwisho. Yalikuwa majina ya Kizungu, nikamtafsiria kadiri nilivyoweza. Mmoja aliitwa jina la mvua, mwingine la kengele. La tatu sikulielewa kabisa, nikamwambia huenda ni la hoteli. Baba akayahesabu kwenye vifundo vya vidole, akafumba macho, akayarudia yote matano bila kukosea. Kwa wafugaji wa kwetu dume hupita tu, ukoo hukaa kwa mama.

"Bon," akasema. "Sasa namujua. Iko wapi?"

Nadhani Afande alikuwa amechoka kumbembeleza mnyama, maana makubaliano yalifanyika palepale mlangoni. Baba aende Kanzenze akamtunze. Mwisho wa mwaka Afande angealika wageni wa Kigali na Kampala wamwone championi wake akikimbia. Akila, akinona na akikimbia siku hiyo, baba atakuwa mlezi wake na atakaa kule atakavyo. Asipokimbia, lori litamrudisha Kampala Jumatatu inayofuata, na baba atarudi kwenye kiti chake. Nafikiri baba alisikia nusu ya kwanza tu. Alikuwa ameshaanza kutafuta fimbo yake.

Nilikuwa nikimtembelea kila Jumapili baada ya ibada, kwa pikipiki, na chupa ya chai ya maziwa mapajani. Malisho yale yamezungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano. Jumapili ya kwanza nilimkuta baba amewasha moto wa majani mabichi mlangoni kwa banda, moshi ufukuze nzi, kama alivyokuwa akiwafanyia ng'ombe. Alikuwa amesuka burashi ya nyasi na anamsugua farasi mgongo, polepole, akimtajia mama zake mmoja mmoja. Farasi alikuwa amegeuzia masikio yote mawili kwake.

"Amekula?" nikauliza.

"Tangu siku ya ine. Alikuwa na ukiwa tu. Hakuna mutu alikuwa anamwambia yeye ni mutoto wa nani."

Wiki zilivyopita farasi akanawiri, manyoya yakang'aa. Lakini baba ndiye aliyenishangaza zaidi. Alinyoa ndevu. Akaagiza kofia mpya, nami nikampelekea, akaikataa, akasema ukingo wake mdogo, kwa hiyo nikarudi sokoni kama mjakazi. Na kila jioni, watu wa Kanzenze waliniambia, alikuwa akisimama mbele ya farasi, anainua fimbo na kumsifu kwa sauti ile niliyodhani ilibaki Masisi.

Kisha akaanza kumfundisha kutembea. Ni lazima nieleze jambo hili vizuri. Kwetu ng'ombe mzuri hana haraka. Anainua kichwa, anaweka kwato chini moja baada ya nyingine, ili watu wapate nafasi ya kumwona. Ng'ombe anayekimbia ameumwa na nzi, au ameona mnyama wa porini, au hakulelewa. Hivyo kila baba alipoanza kumsifu, alimwongoza farasi kwa hatua fupi za heshima kutoka upande mmoja wa malisho hadi mwingine, na farasi akajifunza.

"Siku za kwanza alikuwa anatetemeka mwili yote, anataka kuruka," baba akaniambia. "Alikuwa na ugonjwa ya mbio, mutoto yangu. Kule walimuharibu. Sasa ata kukimbia amesahau." Akampapasa shingo. "Amepona kabisa."

Hapo ndipo ninapotubu. Mimi niliisoma karatasi ile. Nilijua kombe, nilijua misimu, nilijua wageni wanakuja kuona nini. Nilipaswa kumwambia, "Baba, huyu si mgonjwa, hii ndiyo kazi yake." Lakini alikuwa amevaa kofia yake mpya na anatabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo. Mwenda pole hajikwai, nikajiambia, nikamimina chai.

Siku ya wageni ilikuwa ya jua zuri. Magari yalijaa njiani, viti vya plastiki vikapangwa, mishikaki ikanukia mpaka barabarani. Mama yake Afande, bibi mzee aliyezeekea kwa wafugaji wa Mbarara, aliletwa pamoja na kiti chake mwenyewe. Farasi wengine watatu walikodiwa kutoka ufukweni, wale wanaobeba watalii kando ya ziwa. Mmoja alikuwa na tumbo kubwa hivi kwamba tandiko lilimfika mbavuni tu. Championi wetu akapandwa na kijana mwembamba aliyetoka Kampala kwa kazi hiyo. Wangezunguka malisho mara mbili.

"Na ule kijana anafanya nini juu ya mugongo yake?" baba akaniuliza.

"Anataka kutembea naye kidogo," nikasema, nikatazama pembeni.

Kitambaa cha kuanzishia mbio kikashushwa. Mungu wangu, yule mnyama! Alichomoka kabla wenzake hawajajua kama wameambiwa waondoke. Shingo ikanyooka, mkia ukanyooka, vumbi likabaki nyuma yake peke yake. Alikuwa hajasahau chochote. Niliona kwa macho yangu kile ambacho karatasi haikuweza kunieleza, nikaruka na kupiga vigelegele na kumsahau baba kabisa. Alipomaliza mzunguko wa kwanza, wenzake walikuwa bado upande wa pili.

Nikasikia sauti nyuma yangu. "Banamurudishia ugonjwa!"

Baba alikuwa amepanda juu ya ukuta wa mawe, mikono kichwani, machozi yakimtoka. Kabla sijamshika akainua fimbo yake na kuanza kusifu kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili.

Masikio ya farasi yakageuka. Akapunguza mwendo. Kijana wa Kampala akamsukuma kwa visigino, akamsihi, akamtukana nadhani. Farasi akainua kichwa, akaanza kutembea. Akaacha njia ya mbio, akaja moja kwa moja kwa baba, kwato moja baada ya nyingine, ili watu wapate nafasi ya kumwona. Wale watatu wakampita wakihema. Mwenye tumbo akashinda, na mwenye farasi huyo ndiye aliyeshangaa kuliko sisi sote.

Nililiona lori la Jumatatu kana kwamba limeshaegeshwa.

Lakini baba hakuwa na habari na mtu. Alitaja mama wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Kisha, badala ya kunyamaza, akataja wa sita. Nililijua jina lile mara moja. Lilikuwa la ng'ombe wetu mwekundu wa Masisi, ambaye maziwa yake yalinilea, aliyebaki amesimama mlangoni kwa zizi siku tuliyokimbia. Tangu siku ile baba hakuwahi kulitamka. Katikati ya viti mtu mmoja akaitikia, kama inavyofanyika harusini. Wakaitikia wawili, kisha wote, watu wa suti na watu wa ofisini, wengine wakiwa bado na mshikaki mkononi. Nililia na kucheka kwa wakati mmoja, na sikujali nani ananiona.

Afande akatujia uso umemwiva. "Mzee, umeniharibia championi! Nilisema nini? Lori linakuja Jumatatu."

Baba akashuka ukutani, akaweka mkono shingoni kwa farasi.

Ndipo mama yake Afande akagonga fimbo yake chini. Alizungumza kwa Kinyarwanda, taratibu, kila mtu asikie. Alisema mnyama aliyesifiwa mbele ya watu pamoja na mama zake harudishwi sokoni, na anayemrudisha anajivua nguo mwenyewe. Afande, aliyewahi kuamuru askari, akainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari. Mpaka leo sijui kama hiyo ni desturi au bibi aliitunga palepale. Nimewauliza wazee watatu, na kila mmoja anasema aliwahi kuisikia, lakini anasema huku akizuia kicheko.

Lori halikuja. Siku hizi Jumamosi farasi huletwa ufukweni Gisenyi, baba mbele na kofia yake, na maharusi wanagombania zamu za kupigwa picha juu yake, maana hajawahi kumwangusha mtu. Afande anawaambia wateja kwamba hilo lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Sisi tunamwacha aseme.

Mwezi uliopita baba alikuja dukani na ile karatasi ya nasaba. Kabla ya kunipa alikausha mikono kwenye shati lake. Alitaka niongeze mstari chini ya mama wa tano.

"Baba, ngombe haizai farasi," nikamwambia. "Afande ataona."

"Nani amesema alizaa? We andika."

Akanitamkia silabi moja moja, kwa sababu sisi wawili hatukuwahi kuliona jina lile limeandikwa. Nikaandika. Nikatoa nakala nzuri, nikaifunika plastiki, na safari hii mikono yangu haikuwa mikavu.

Ilitundikwa bandani Kanzenze. Afande alipokwenda kukagua, nilikuwepo. Aliisoma yote kuanzia juu, kidole kikifuata matawi, mpaka kikafika mstari wa mwisho.

"Na huyu ni nani?"

"Ule ni wa kwetu," baba akajibu, akaendelea kusugua mgongo wa farasi.

Afande akausoma tena mstari ule. Karatasi ilikuwa imekaa upande kidogo. Akainyoosha, akaibonyeza pembe zake, akaondoka.